Nyota Aliyehama si Mtoro

Kila ufikapo msimu wa usajili wa wachezaji, lipo neno moja linalotamkwa kwa wepesi kupita kiasi katika kantini zetu, katika mahanga ya askari, na hata vituoni wakati wa zamu ya usiku, redio ikiwa mezani kando ya kitabu cha matukio. Neno hilo ni "msaliti". Hutamkwa juu ya kijana ambaye mwaka jana alivaa jezi nyekundu, na mwaka huu amepigwa picha akiwa ameshika jezi ya kijani. Baadhi ya wasemaji hawatosheki na hilo, huongeza la pili: "mtoro".

Si nia ya ukurasa huu kuwazuia askari na polisi wasipende mpira. Kandanda ni burudani halali ya mpiganaji aliye mapumzikoni, na ubishi wake, ukiwa na kiasi, huchangamsha kikosi. Lakini maneno hayo mawili si ya kantini. Ni maneno ya kazi yetu, na sisi ndio tunaojua yamebeba nini.

Mtoro ni mtu aliyekula kiapo, akapewa nambari, sare na silaha, kisha akaondoka bila ruhusa na kuwaacha wenzake lindoni. Msaliti ni yule aliyempelekea adui habari za kikosi chake. Sheria inazo adhabu zake kwa wote wawili, na yeyote aliyewahi kumzika mwenzake kwa sababu ya mtu wa namna hiyo hahitaji kuelezwa zaidi. Mchezaji wa mpira hakula kiapo. Alitia saini mkataba wenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha, wenye kiasi cha fedha, na wenye vifungu vinavyosema pande mbili zitaachana vipi zikichokana. Klabu nayo huvitumia vifungu hivyo bila haya. Ikimwona mchezaji goti limeanza kumsumbua humwita ofisini, humpa barua na kumtakia kila la heri, na jezi yenye nambari yake hupewa mwingine kabla ya mwezi kwisha. Hatujapata kusikia mashabiki wakiiita klabu "msaliti" kwa jambo hilo.

Basi, mashabiki wanakumbuka nini hasa wanapomkumbuka nyota aliyewaacha? Hilo ndilo tunalotaka kulitazama, na mfano ulio karibu nasi hapa Uganda ni wa kijana wetu Emmanuel Okwi. Tutaueleza kwa kirefu, kwa kuwa wengi wanaukumbuka nusu nusu, kila mtu kwa nusu inayompendeza.

Okwi alitoka SC Villa ya Kampala akajiunga na Simba ya Dar es Salaam mwaka 2010. Tarehe 6 Mei 2012 Simba iliifunga Yanga mabao 5 kwa 0, na mawili kati ya hayo yalikuwa yake. Mtu aliyeifunga Yanga mabao mawili katika siku ya aibu kama hiyo alikwisha kuandikwa katika vifua vya watu wa Msimbazi, na wengi walidhani wino huo haufutiki. Januari 2013 klabu yenyewe ilimwuza kwa Étoile du Sahel ya Tunisia kwa bei ya dola 300,000. Fedha hizo zilichelewa sana kulipwa, naye mchezaji hakuelewana na waajiri wake wapya. Akarudi Villa kwa muda, na Desemba 2013 akaibukia Yanga.

Hapo ndipo lile neno lilipotamkwa Dar es Salaam nzima. Lakini msomaji na atazame vizuri mfuatano wa mambo. Okwi hakuondoka Simba kwenda Yanga. Simba ndiyo iliyomwuza, tena nchi ya mbali, na biashara ilipoharibika yeye ndiye aliyebaki bila mahali pa kucheza, naye ni mtu anayeishi kwa miguu yake. Agosti 2014, baada ya mzozo wa mkataba kati yake na Yanga, alirejea Simba, na sasa ikawa zamu ya watu wa Jangwani kumwita kwa jina lile lile ambalo wenzao walikuwa wamelitumia miezi minane tu kabla. Tarehe 8 Machi 2015 akaifunga Yanga bao pekee la mchezo. Mwaka huo huo alikwenda SønderjyskE ya Denmark, akarudi Villa mwaka 2017, kisha Simba kwa mara ya tatu. Katika ligi ya mwaka 2017/18 alifunga mabao 20 akawa mfungaji bora, na Simba ikatwaa ubingwa ambao ilikuwa haijauonja tangu mwaka 2012. Mwaka 2019 aliondoka tena kwenda Al Ittihad ya Alexandria, Misri, safari hiyo bila kelele za mtu.

Mwulize leo shabiki wa Simba habari za Okwi. Atakuhesabia yale mabao mawili ya Mei 2012, atakuonyesha kwa mkono jinsi mpira ulivyopita juu ya mlinda mlango Machi 2015, na akifika kwenye ile miezi ya kijani na njano ataipita upesi, kama mtu anayepita mbele ya duka la mdai wake. Kumbukumbu ya shabiki si kitabu cha matukio cha kituo cha polisi, ambamo kila jambo huandikwa kwa saa na dakika na haliruhusiwi kufutwa. Shabiki huchana kurasa. Zaidi ya hayo, huzichana baadaye, moyo ukisha kupoa, na ndiyo maana yale aliyoyasema wakati moyo ukiwa moto humfedhehesha yeye kuliko yanavyomfedhehesha mchezaji.

Jirani zetu wa Rwanda wanao mfano wao, nao unagusa timu ya askari. Haruna Niyonzima alikuwa mchezaji wa APR, timu ya jeshi la Rwanda, kabla ya kwenda Yanga mwaka 2011. Alikaa huko miaka sita, akiongoza mchezo wa katikati kwa utulivu ambao hata wapinzani waliukubali. Mwaka 2017 alivuka kwenda Simba. Baadhi ya mashabiki wa Yanga wakaichukua jezi yenye jina lake wakaitia moto hadharani, na picha zikaenea Afrika Mashariki yote. Mwaka 2019 akarejea Kigali, na Januari 2020 Yanga ikamsajili tena. Walioiona ile jezi ikiungua walimwona mwenye jezi akishangiliwa na umma ule ule, na Julai 2021 klabu ikamwaga kwa heshima zote. Wazee walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Wangeliyakumbuka maneno hayo wale waliokuwa na kiberiti mkononi mwaka 2017, wangeliokoa walau bei ya jezi.

Jambo moja la ajabu katika hukumu hizi ni kwamba hasira ya shabiki hupungua kadiri safari inavyokuwa ndefu. Kutoka Mtaa wa Msimbazi hadi makao ya Yanga pale Jangwani mtu hahitaji basi. Huenda kwa miguu na kufika kabla jasho halijamtoka, lakini mchezaji akiutembea mwendo huo mfupi huhesabiwa kuwa amekwenda asikoweza kusamehewa. Akipanda ndege kwenda nchi ya mbali husindikizwa kwa baraka. Wazee wa Yanga hujivuna hadi leo kwamba Sunday Manara alikwenda kuchezea Heracles ya Uholanzi mwaka 1977. Mbwana Samatta aliondoka Simba mwaka 2011 akiwa kijana mdogo, akaenda TP Mazembe ya Lubumbashi, akatwaa nayo ubingwa wa Afrika mwaka 2015, kisha Genk ya Ubelgiji, na Januari 2020 akawa Mtanzania wa kwanza kuingia Ligi Kuu ya Uingereza kwa jezi ya Aston Villa. Hakuichezea Simba hata miaka miwili kamili, na bado kila shabiki wa Simba humwita "wetu". Fiston Mayele, Mkongo, aliiacha Yanga mwaka 2023 akiwa katika kilele cha ufungaji, akaenda Pyramids ya Misri, na mwaka 2025 alipotwaa ubingwa wa Afrika huko Cairo walikuwapo watu wa Jangwani walioshangilia kana kwamba kombe limeletwa kwao.

Kwa hiyo kinachouma si kuondoka. Kinachouma ni kumwona mtu wako kila wiki akimfurahisha jirani unayekaa naye ofisi moja, atakayekudhihaki asubuhi kabla hujavua kofia. Maumivu hayo ni ya kweli, nasi hatuyadharau. Lakini ni maumivu ya majirani, na kuyaita usaliti ni kuyapa cheo kisichokuwa chake.

Hapa Kampala tunaye marehemu Phillip Omondi, ambaye vijana wengi wanalijua jina lake kwa sababu ya uwanja tu. Alikuwa mchezaji wa KCC. Mwaka 1978 alikuwa miongoni mwa vijana waliotufikisha fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika huko Ghana, tukafungwa 2 kwa 0 na wenyeji, naye akamaliza akiwa mmoja wa waliofunga mabao mengi zaidi katika mashindano hayo, matatu. Baadaye alikwenda kucheza Sharjah, katika Falme za Kiarabu, wakati nchi yetu ikipita katika miaka migumu. Alirudi katika miaka ya 1980, na klabu yake ikampokea. Alifariki mwaka 1999, na uwanja wa klabu hiyo pale Lugogo unaitwa kwa jina lake. Hakuna aliyeona haja ya kuandika ukutani kwamba ipo miaka ambayo hakuwapo.

Hata hivyo, tusiwe wepesi kumtetea kila anayeondoka. Namna ya kuondoka inayo uzito wake, na hapo shabiki huwa na haki ya kununa. Feisal Salum alitokea JKU, timu ya Jeshi la Kujenga Uchumi la Zanzibar, kabla ya kuwa kipenzi cha Yanga tangu mwaka 2018. Desemba 2022, mkataba wake ukiwa bado hai, aliipelekea klabu shilingi milioni 112 akisema ndiyo gharama ya kuuvunja, akaondoka. Shirikisho la mpira la Tanzania likaamua kwamba yeye ni mchezaji halali wa Yanga. Nusu mwaka ukapita akiwa nje ya uwanja, na katika muda huo wenzake wakafika fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika bila yeye. Juni 2023 Rais Samia Suluhu Hassan, akiwa amewaalika Yanga Ikulu, aliwaomba waumalize mgogoro huo, na siku chache baadaye mchezaji akauzwa Azam kwa mapatano.

Mkataba si kiapo, lakini ni ahadi, na ahadi ina tarehe. Anayetaka kuondoka na angoje tarehe hiyo, au akae mezani na waajiri wake mpaka waachane kwa maandishi. Shabiki aliyemlaumu kijana huyo kwa kutongoja hakukosea. Aliyekosea ni yule aliyemtukania mama yake.

Sasa tuje kwenye kazi. Polisi wengi wanaosoma ukurasa huu watapangwa uwanjani siku nyota kama huyo atakaporudi akiwa na jezi ya wapinzani, na siku hiyo si ya kawaida hata kama ratiba imeiandika kama nyingine zote. Mwezi Mei 1990, katika mji wa Florence nchini Italia, klabu ya Fiorentina ilimwuza Roberto Baggio kwa mahasimu wao Juventus. Mashabiki walijaa mitaani, wakapambana na polisi, na watu wapatao hamsini wakajeruhiwa. Mpira haukuwa umepigwa hata mara moja. Ilikuwa habari ya kuuzwa tu. Tarehe 6 Aprili 1991 Baggio alirudi katika uwanja ule na Juventus. Ilipotokea penalti dhidi ya klabu yake ya zamani alikataa kuipiga, mwenzake akaipiga na mlinda mlango akaizuia. Baggio alipotolewa uwanjani, shali la zambarau la Fiorentina lilirushwa kuelekea kwake, naye akaliokota. Viongozi wa ulinzi wa siku ile bila shaka walikuwa wamejiandaa kwa kila jambo ila hilo.

Mwenzake Luis Figo hakupata bahati hiyo. Aliiacha Barcelona mwaka 2000, akiwa miongoni mwa manahodha wake, akaenda Real Madrid, klabu ambayo watu wa Barcelona hawataki hata kuitaja. Tarehe 23 Novemba 2002 alipokwenda kupiga kona katika uwanja wao alirushiwa chupa, na miongoni mwa vitu vilivyookotwa kando ya mstari kilikuwamo kichwa cha nguruwe. Mwamuzi aliwatoa wachezaji uwanjani kwa muda wa karibu robo saa kabla ya mchezo kuendelea.

Maafisa wanaopanga ulinzi na wayasome mambo haya kwa jicho la kazi. Tazameni nani ameleta hatari na wapi. Mchezaji aliyehama huwa salama katikati ya uwanja, mahali ambapo hakuna mkono unaomfikia. Hatari yake iko kwenye kona, kwenye mlango wa kutokea vyumbani, na pale anapolifuata basi baada ya mchezo akiwa amefunga bao. Askari wanaosimama sehemu hizo waelekee watu, wasielekee mpira. Tunalisema hili kwa sababu tumepata kumwona askari, kituo chake hatukitaji, akiwa amesimama kwenye mstari na mgongo kwa jukwaa, chupa ikapita juu ya kichwa chake ikamwangukia mchezaji, naye akacheka. Alicheka kwa kuwa mchezaji yule alikuwa ameihama timu yake yeye. Sare aliyovaa siku hiyo haikuwa na rangi ya klabu yoyote, na mshahara wake haukutoka Msimbazi wala Jangwani.

Upo upande mwingine wa jambo hili unaotuhusu kuliko wote, nao huzungumzwa kidogo. Majeshi ya nchi zetu yana timu, na timu hizo hazikuwa za kusindikiza wengine. Simba, timu ya jeshi letu (wala si ile ya Dar es Salaam), ilifika fainali ya Klabu Bingwa ya Afrika mwaka 1972. Ilifungwa na Hafia ya Guinea mabao 4 kwa 2 kule Conakry na 3 kwa 2 hapa Kampala. Polisi yetu ilikuwa bingwa wa Uganda mwaka 2005, na mwaka 2006 ikatwaa Kombe la Kagame la klabu za Afrika Mashariki na Kati. Ulinzi Stars ya jeshi la Kenya ilichukua ubingwa wa nchi yake mara tatu mfululizo kuanzia mwaka 2003, na tena mwaka 2010. Timu kama hizi huwalea vijana, huwapa viatu, nidhamu na chakula cha uhakika, na kisha klabu zenye fedha huja kuwachukua.

Hapa mambo si sawasawa na ya uraiani. Mchezaji ambaye ni askari anacho kiapo pamoja na mpira, na hawezi kuondoka kwa kupiga picha na jezi mpya. Sharti aombe kuachishwa kazi kwa kufuata utaratibu. Anayeufuata, akakabidhi vifaa vyake na kupata hati yake, ameondoka kwa heshima kamili, na hakuna afande mwenye sababu ya kumnunia. Lakini ziko timu ambazo mtu wa namna hiyo akishaondoka picha yake huteremshwa ukutani, na vijana wanaoingia kambini hawalisikii jina lake tena. Wanakuta safu ya picha yenye pengo katikati. Hatujui wanaofanya hivyo wanadhani wanamwadhibu nani. Yule bwana anacheza mbele ya maelfu ya watu na wala hajui kama picha imeondolewa. Anayekosa kitu ni kuruta mwenye kipaji, ambaye angeliiona angelijua kwamba njia ya kufika mbali ilianzia katika uwanja huu huu wa vumbi.

Vijana wa mwaka 1972, walio hai, sasa ni wazee wa miaka sabini na kuendelea. Wengine walibaki jeshini hadi kustaafu, wengine walihamia klabu za uraiani, wengine waliondoka nchini katika miaka ya machafuko na hawakurudi. Tunawaomba maafisa wa michezo wa vikosi, pamoja na wenzao wa Polisi, waanze kuwaorodhesha kabla hatujawazika wote: jina, cheo, nafasi aliyocheza, miaka aliyoitumikia timu. Na katika safu ya mwisho, ile ya alikokwenda baadaye, liandikwe jina la klabu na mwaka, wala pasiongezwe neno jingine.